Jaziratul-Khadhraa Mbili: Mswahili Akiisoma Ramani ya Hispania

Maneno haya niliyasema Chake Chake, mbele ya walimu, wanafunzi na wazee waliotualika. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wetu, maalim wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja kukaa hapa jioni hii, assalaam aleykum.

Babu yangu alikuwa mtu wa barua. Kila barua aliyoandika, iwe ya kwenda Mombasa au ya kwenda Maskati, aliianza juu pembeni kwa herufi za Kiarabu: kwanza jina la mahali alipo, kisha tarehe. Hakuandika Pemba. Aliandika Al-Jaziratul-Khadhraa, kisiwa cha kijani. Mimi mtoto, niliyekuwa nikimshikia kidau cha wino, nilijua kwa yakini kuwa jina hilo ni letu peke yetu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa bandarini upande wa Tanja, kaskazini mwa Morocco, nangoja feri ya kuvuka kwenda Hispania. Ukutani palikuwa na ubao wa safari. Mstari wa chini, kwa herufi za Kilatini, uliandikwa Algeciras. Mstari wa juu, kwa Kiarabu, uliandikwa Al-Jaziratul-Khadhraa. Nikasimama pale pale. Nikausoma tena herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa chuoni: jimu, zei, ye, re. Abiria waliokuwa nyuma yangu wakanipita na mizigo yao. Lile lilikuwa jina la barua za babu, na karani dirishani ananiambia kuwa chombo kinakwenda huko, mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Niliporudi nyumbani nilianza kutafuta, na nilichokikuta kilinitoa machozi. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alitunga kamusi kubwa ya majina ya miji na nchi, Mu'jam al-Buldan. Chini ya jina hilo moja ameweka mahali pawili. Kwanza anautaja mji mashuhuri wa Andalusia, nchi ya Waislamu kule Hispania, huo ambao leo ni Algeciras. Kisha anasema kuwa ni jina pia la kisiwa kikubwa katika nchi ya Wazanji, yaani pwani yetu hii, kilichozungukwa na bahari ya chumvi pande zote, chenye miji miwili, kila mmoja na sultani wake, wala huyu hamtii yule. Miji yenyewe ameiandika kwa namna ambayo wataalamu wengi wameisoma kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu. Magofu yake sote tunayajua, wengine wetu tumechezea humo. Yaqut hakufika kwetu. Anasema habari hizi alipewa na mzee mwema wa Basra aliyekiona kisiwa kwa macho yake. Basi zaidi ya miaka 790 iliyopita, Pemba na Algeciras zililala katika ukurasa mmoja.

Ndiyo sababu mwalimu wa jiografia wa Pemba amesimama hapa kuzungumzia majina ya Hispania. Ninachotaka mkione ni hiki: anayesema Kiswahili anaweza kuisoma sehemu kubwa ya ramani ile kwa sikio tu, kamusi ikiwa imefungwa. Na sikio hilo hilo litamdanganya asipolichunga.

Sababu yake mnaijua. Mwaka 711 jeshi la Waarabu na Waberberi lilivuka mlango wa bahari likiongozwa na Tariq bin Ziyad, likatua chini ya mlima ambao tangu siku hizo ukaitwa Jabal Tariq, jabali la Tariq. Leo mlima huo uko mikononi mwa Uingereza na huitwa Gibraltar. Utawala wa Kiislamu ulikaa katika nchi ile, ukipungua kipande kwa kipande, hadi Granada ilipokabidhiwa tarehe 2 Januari 1492. Sisi huku hatukuvamiwa namna hiyo. Maneno ya Kiarabu yalitujia kwa jahazi, kwa biashara, kwa ndoa na kwa chuo. Lakini maneno yenyewe ni yale yale. Sisi na Wahispania tumekopa duka moja, kila mtu kwa wakati wake.

Chukueni neno wadi, yaani bonde lenye mto. Kihispania cha kale hakikuwa na sauti ya w mwanzoni mwa neno, kikaiegemeza kwenye g, wadi ikawa guad. Al-wadi al-kabir, mto mkubwa, Waarabu wa kule wakiutamka kwa lahaja yao, ukawa Guadalquivir. Nimesimama juu ya daraja la Kirumi pale Córdoba nikiutazama mto huo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na katikati ya mto vichaka vimeota juu ya visiwa vya tope, ndege weupe wamejaa. Kibao kando ya njia kilisema río Guadalquivir. Río kwa Kihispania ni mto. Yaani ukikisoma kibao kile kwa masikio yote mawili, kinakwambia: mto mto mkubwa.

Msishangae, na sisi tunafanya hivyo kila siku. Tunasema Jangwa la Sahara, na sahara ni neno la Kiarabu la jangwa. Tunasema Ziwa Nyasa, na nyasa kwa wenyeji wa huko ni ziwa. Kule Toledo liko daraja linaloitwa Puente de Alcántara. Puente ni daraja, na al-qantara ni kantara, neno ambalo wazee wetu bado wanalijua: daraja la daraja. Watu wanapopokea jina bila kupokea maana yake, huliongezea tena maana kwa lugha yao. Mkiona jina limerudiwa hivyo, jueni hapo watu wa lugha mbili walipishana.

Kabla ya Waarabu, Warumi waliuita mto ule Baetis, na jimbo lote lililouzunguka likaitwa Baetica. Jina hilo mtoni limekufa. Lakini vijana, mmelitamka wiki hii hii, kwa sababu timu moja ya Sevilla inaitwa Real Betis. Jina la Kirumi limekimbilia uwanja wa mpira, la Kiarabu limebaki na maji.

Guad ziko nyingi. Guadalajara ni wadi ya mawe, al-hijara; mnalijua jiwe la Al-Kaaba, Hajarul-Aswad, basi ni hajar huyo huyo. Guadiana ni mto ambao Warumi waliuita Anas. Waarabu walilikuta jina wakaliwekea wadi mbele. Na wadi hii haikukaa Hispania. Guadalajara ilipelekwa Mexico katika karne ya 16 na mtu aliyezaliwa katika ile ya kwanza, na leo ile ya Mexico ni jiji kubwa kuliko mama yake. Mwaka 1568 mabaharia wa Kihispania walifika visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki, na mmoja wao akakipa kisiwa kimoja jina la mji wa kwao kaskazini mwa Sevilla, Guadalcanal. Neno la Kiarabu, katika kinywa cha Mhispania, juu ya kisiwa ambacho Mwarabu hakupata kukiota.

Sasa njooni kwenye maneno yetu yenyewe. Kuna jambo moja la kuzingatia kwanza: sisi tulikopa neno tukaiacha al yake mlangoni, wao walilichukua pamoja nayo. Sisi tunasema sukari, wao azúcar. Sisi tuna kadhi. Wao meya wa mji wanamwita alcalde, ambaye ni kadhi huyo huyo kwa asili ya neno. Sisi tuna waziri. Wao wana alguacil, askari wa baraza au wa mahakama, na neno ni al-wazir. Vyeo vimepanda huku na kushuka kule. Mkiiondoa ile al, neno la kwenu linachomoza.

Kuna mji mdogo kusini-kati ya Hispania unaitwa Almadén. Ondoeni al: madén. Madini! Jina ni al-ma'din, mgodi. Na mgodi kweli ulikuwepo, tena mmoja wa migodi mikubwa ya zebaki kupata kutokea duniani, uliochimbwa tangu enzi za Warumi hadi mwanzoni mwa karne hii yetu. Zebaki yenyewe Kihispania huiita azogue, neno lililo ndugu wa zebaki yetu. Madini hayo yalipakiwa kwenye meli yakapelekwa Mexico, kwa sababu bila zebaki isingewezekana kuipata fedha kutoka kwenye mawe yake kwa wingi ule. Miongoni mwa waliochimba walikuwamo wafungwa na watumwa, na mvuke wa zebaki humtetemesha mtu mikono mpaka akashindwa kushika kikombe. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza mgodi huo katika urithi wa dunia. Mimi nikiliona neno Almadén kwenye ramani siwezi kuacha kuifikiria mikono ile.

Toledo kuna uwanja mkongwe unaitwa Zocodover. Zoco ni soko. Jina zima ni suq ad-dawabb, soko la wanyama wa kupanda na kubeba mizigo, na mnada wa wanyama ulikuwa hapo kweli. Almenara, kule pwani ya mashariki, ni mnara. Albacete ni al-basit, uwanda. Shina lake ni la kutandika, ndilo lililotupa busati. Nimepita Albacete kwa gari moshi. Nchi imetandikwa hadi macho yanapochoka, shamba baada ya shamba, hapana kilima cha kuegemeza jicho. Aliyeipa jina alikuwa ameitazama vizuri.

Na zile Beni zote za pwani ya Valencia, Benicàssim, Benicarló, Benifaió, ni bani, wana wa fulani, wingi wa bin. Bin tunaye katika majina yetu na katika neno binadamu. Kila Beni mwanzoni ilikuwa ukoo na shamba lake. Benicàssim ni wana wa Qasim. Leo watalii wanajianika pwani pale, na Qasim aliyekuwa mkubwa wa ukoo hakuna anayemjua sura.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni Rambla. Mmesikia habari za La Rambla ya Barcelona, ile njia pana yenye miti ambayo watu hutembea jioni wakinunua maua. Neno ni ramla, kutoka raml, mchanga. Njia ile zamani ilikuwa mkondo wa maji ya mvua: mvua zikinyesha mto unapita, mvua zikikatika unabaki mchanga mtupu, na watu wanatembea juu yake. Granada nako kuna uwanja unaitwa Bib-Rambla, bab ar-ramla, mlango wa mchangani. Sasa jiulizeni: sisi mchanga tunauita mchanga, raml tumeipeleka wapi? Tumeipeleka kwa mpiga ramli. Elimu ya kutazamia kwa kuchora alama mchangani ndiyo iliyotuletea neno. Neno moja limeondoka Arabuni, huku likawa mzee ameinama juu ya ubao wake akihesabu nukta, kule likawa barabara ya kutembelea. Wala hakuna aliyekosea. Mchanga umo ndani ya yote mawili.

Nitawapeni na kasri, kisha niende kwenye hatari. Ngome za wafalme kule huitwa alcázar, ambayo ni al-qasr, kasri. Lakini Waarabu nao neno hilo hawakulizaa. Lilitoka kwa Warumi, castrum, kambi ya jeshi. Yaani Mrumi alimpa Mwarabu, Mwarabu akampa Mhispania, ambaye lugha yake ni mtoto wa Kirumi, na njiani Mwarabu akamkatia na Mswahili kipande. Mwenye kutaka kujua neno ni la nani kwa haki, hapo atachoka.

Hatari ndiyo hii. Nilikuwa nimeshazoea kusoma ramani kwa sikio, nikaanza kuamini kila kitu. Nikaona Alicante, nikasema al hiyo hapo, jina la Kiarabu. Kumbe mji ulikuwapo tangu Warumi, ukiitwa Lucentum. Waarabu walilikuta jina, wakaliweka al mbele yake kama mtu anayemvisha mgeni kanzu. Nikaona León, na león kwa Kihispania ni simba, na bendera ya mji ina simba. Nani asingeamini? Lakini jina linatokana na legio, kikosi cha jeshi la Kirumi, Legio VII Gemina, kilichopiga kambi pale. Neno lilichakaa likafanana na simba, watu wakamchora simba, na simba akabaki hadi leo akiwa shahidi wa jambo ambalo halikutokea.

Granada ni vivyo hivyo. Granada kwa Kihispania ni komamanga, na baada ya 1492 wafalme waliliweka komamanga kwenye nembo yao. Jina la mji lakini ni Gharnata, nalo lilikuwapo kabla ya nembo kwa karne nyingi. Wanafunzi, shikeni kanuni hii mkisahau mengine yote: kabla ya kuuliza jina lina maana gani, tafuteni lilivyoandikwa mara ya zamani kabisa inayopatikana. Zaragoza haisemi chochote ukiisikiliza leo. Irudisheni nyuma: Waarabu waliiandika Saraqusta. Irudisheni tena: Warumi waliiandika Caesaraugusta, mji wa Kaisari Augusto. Sasa inasema.

Na kuna majina ambayo sikio letu limeyapata kwa njia ya mbali sana, mbali kuliko Uislamu na Warumi. Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanon waliosafiri baharini kote, walikuwa na mji Afrika ya Kaskazini walioupa jina Qart Hadasht, mji mpya. Ndiyo Karthago. Karibu mwaka 227 kabla ya Kristo watu wa Karthago walijenga mji mwingine Hispania wakaupa jina lile lile, mji mpya. Warumi walipouteka mwaka 209 wakauita Carthago Nova, na nova ni mpya. Mji mpya mpya. Leo ni Cartagena, na kuna Cartagena nyingine Colombia, iliyoanzishwa mwaka 1533. Hadasht ya Kifoinike ni ndugu wa hadith ya Kiarabu, ambayo asili yake ni kitu kipya, habari mpya. Kwa hiyo mama anapomwambia mtoto wake, "hadithi, hadithi", na mtoto akajibu, "hadithi njoo", wanaita neno ambalo limo ndani ya jina la Cartagena.

Hata jina la nchi yenyewe, Hispania, wako wataalamu wanaosema ni la Kifoinike, na kwamba linamtaja pimbi. Wafoinike waliwajua pimbi wa milimani kwao. Walipofika nchi ile wakakuta sungura wamejaa, mnyama ambaye Wafoinike hawakumjua, wakawaita kwa jina la mnyama wa kwao anayefanana nao kidogo. Maelezo hayo yana wapinzani wake, nami siyawekei muhuri. Nayapenda lakini kwa sababu ndivyo msafiri anavyofanya kweli: huliita geni kwa jina la alichokiacha nyumbani.

Wazee wangu, mpaka hapa nimezungumza kana kwamba majina yanatembea yenyewe. Hayatembei. Yanabebwa na watu, na watu waliobeba haya walitendewa vibaya.

Baada ya Granada kuanguka, Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa, wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 amri ya Mfalme Felipe wa Pili ilitangazwa Granada: waache kusema na kuandika Kiarabu, waache mavazi yao, wabomoe hamamu zao, na waache majina yao ya Kiarabu. Mzee mmoja wa ukoo wa heshima, Francisco Núñez Muley, aliyekuwa kijana mtumishi katika nyumba ya askofu mkuu wa kwanza wa Granada, alimwandikia rais wa mahakama ya huko waraka mrefu wa kuitetea jamii yake. Kuhusu majina alisema jambo ambalo mtu wa hapa analielewa bila kufafanuliwa: tukiitwa wote kwa majina ya Kikastilia, yaani ya Kihispania, watu watajuanaje? Atajulikanaje huyu ni wa ukoo gani, ameoa wapi, ametoka kwa nani? Nasaba zitapotea.

Hakusikilizwa. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1568 milima ya Alpujarra ikaasi, na vita vikaendelea hadi 1571. Wamorisko wa Granada wakatawanywa Kastilia nzima, na kuanzia 1609 hadi 1614 Wamorisko wa Hispania yote, karibu watu 300,000, wakafukuzwa nchini. Wengi walitua Morocco, Algeria na Tunisia.

Na majina ya mahali? Yalibaki. Amri zenyewe zilitekelezwa katika miji na vijiji vyenye majina yale yale. Mtu aliyeitwa Muhammad alitakiwa aache kuwa Muhammad, lakini mto haukuacha kuwa wadi. Nilijiuliza sana kwa nini, mpaka nikafika kwenye maji.

Walowezi wapya walipoletwa vijiji vya Granada vilivyohamwa, maofisa wa mfalme walitembea shamba hadi shamba wakiandika mipaka katika vitabu vya ugavi. Hawakuijua nchi. Ikabidi waachwe Wamorisko wachache wenye kujua, watembee mbele yao wakionyesha: mpaka unaanzia hapa, mfereji huu unaitwa hivi, zamu ya maji ya shamba lile ni siku hii. Karani akaandika kadiri alivyosikia. Huwezi kugawa maji ya mfereji usio na jina, wala huwezi kumshtaki jirani kwa kufungua lango la maji usiku kama lango hilo halina jina ambalo nyinyi wawili mnalijua. Mtu aliyeonyesha mpaka alifukuzwa naye baadaye. Alichokitamka kiko kwenye ramani.

Valencia nililiona jambo hili likiwa hai. Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, hukaa baraza la wakulima wanane waliovaa majoho meusi. Ni mahakama ya maji ya mashamba ya Valencia, inayosikiliza kesi kwa mdomo tu. UNESCO iliitambua mwaka 2009. Kengele ilipogonga, yule alguacil, yule waziri wetu, alisimama akaita kwa sauti watuhumiwa wa kila mfereji, mmoja baada ya mwingine: wa mfereji wa Quart, wa Mislata, wa Favara, wa Mestalla. Mfereji kule ni séquia, kutoka as-saqiya ya Kiarabu. Favara ni chemchemi inayobubujika. Na Mestalla, vijana, ndiyo ile ya uwanja wa mpira wa Valencia. Uwanja umepewa jina la mfereji uliokuwa ukipita kando yake. Siku ile hapakuwa na kesi hata moja. Majina yaliitwa, kukawa kimya baada ya kila jina, baraza likafungwa kwa dakika chache. Watalii waliteremsha simu zao wakaondoka. Mimi sikuweza kuondoka haraka.

Sitaki mdhani kuwa kila jina la zamani lastahili kuhifadhiwa. Katika mkoa wa Burgos kuna kijiji kidogo sana kilichoitwa Castrillo Matajudíos. Maana yake kwa Kihispania ni Castrillo Uwa-Wayahudi. Wanakijiji waliishi na jina hilo kwenye vitambulisho vyao karne kwa karne. Walipochunguza hati za zamani wakaona kuwa mwanzoni kijiji kiliitwa Mota de Judíos, kilima cha Wayahudi, kwa sababu Wayahudi waliishi pale; jina liligeuka baadaye, katika zama ambazo kuwa na asili ya Kiyahudi lilikuwa jambo la hatari. Mwaka 2014 walipiga kura, na 2015 kijiji kikawa rasmi Castrillo Mota de Judíos. Tofauti ni silabi chache. Lakini moja inasema watu waliuawa hapa na iwe fahari, na nyingine inasema watu waliishi hapa. Naona walifanya vizuri, na walifanya vizuri zaidi kwa kuirudia hati ya zamani badala ya kubuni jina la kupendeza.

Nirudi baharini nilikoanzia. Feri ilipokaribia Algeciras nilipanda juu sitahani kukitafuta kisiwa. Jina linasema kisiwa cha kijani, basi kiko wapi? Baharia mmoja wa Kimorocco aliyekuwa akikunja kamba alinionyesha kwa kidevu. Isla Verde, akasema. Kwa Kihispania maana yake ni kisiwa cha kijani. Mji ulibaki na jazira ukapoteza ukijani, na kisiwa chenyewe kikatafsiriwa. Nilitazama alikonielekeza, nikaona winchi, makontena yamepangwa juu ya makontena, taa, na lami. Bandari imekimeza kisiwa, kimeunganishwa na nchi kavu. Hapakuwa na mti.

Kwetu mikarafuu ingalipo, na jina tunaliandika mara chache. Nimekuja na ramani ya Andalusia, iko pale mezani, na kando yake nimeweka barua mbili za babu ndani ya karatasi ya plastiki; tafadhali zishikeni kwa pembeni, wino wake umeanza kufifia. Wazee waanze, kisha vijana. Mwenye swali aniulize hapo hapo juu ya ramani.